Jivanji wa Unguja, Jivanji wa Mombasa

Alibhai Mulla Jeevanjee alipoteremka bandarini Mombasa mwaka 1890, jina la Jivanji halikuwa geni pwani hii. Unguja lilikuwa limeshafanya biashara kwa zaidi ya nusu karne. Jivanji Budhabhoy, Bohora wa Mandvi katika nchi ya Kutch, alivuka bahari mwanzoni mwa karne ya 19 akafungua duka Zanzibar, na mwaka 1861 mwanawe Karimjee akajitenga na ndugu zake akaanzisha kampuni yake, Karimjee Jivanjee. Mtu aliyekuwa akifuatilia habari za meli, pembe na karafuu miaka ile angehukumu mara moja kwamba huyu mgeni wa Mombasa ni tawi la nyumba ile ya Unguja. Wote Mabohora, wote matajiri wa kuvuka bahari. Na kana kwamba hayo hayatoshi kumchanganya mtu, Unguja nako kulikuwa na Alibhai wao, mwana wa Karimjee.

Hawakuwa nyumba moja. Alibhai wa Mombasa alizaliwa Karachi mwaka 1856, na Jivanji aliyemzaa yeye si yule Jivanji aliyemzaa Karimjee. Ni wazee wawili, kila mmoja na mji wake na baba zake, waliokutana kwa jina tu.

Kosa la kuwaunganisha bado lipo. Huonekana katika makala za magazetini zinazoorodhesha Wahindi mashuhuri wa Afrika Mashariki kwa majina ya ukoo: hapa kina Patel, hapa kina Shah, hapa kina Singh, pale kina Jivanji, kana kwamba kila fungu limetoka tumbo moja. Mtu wa Kuze angepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika hivyo. Mtaa huu wa Mji wa Kale wa Mombasa, wenye jamatkhana ya zamani ya Waismailia na usio mbali na Msikiti wa Mabohora, umekaa na Wahindi kwa karibu kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa juu yao. Barzani hapa hakuna anayesema "Mhindi" akaishia hapo. Kuna Mabohora, kuna Makhoja, na Makhoja wenyewe wamegawika Waismailia na Ithnaasheri. Kuna Mabaniani, Mabadala, Wabulushi, Masingasinga, Magoa. Mzee akitaka kumtambulisha mtu atataja kwanza jamaa yake, kisha baba yake, kisha duka lao lilikuwa linauza nini. Jina la ukoo huja mwisho, likija.

Utaratibu huo wa barzani ndio sahihi, maana jina la ukoo la Mhindi wa pwani ni shahidi dhaifu wa damu. Mara nyingi linaonyesha mahali kalamu ya karani iliposimama.

Zamani Mabohora na Makhoja hawakuwa na jina la ukoo kwa maana ya leo. Walifuata kanuni ambayo Mswahili anaijua tangu utotoni: jina lako, kisha la baba yako, kisha la babu yako ukitakiwa kwenda mbali zaidi. Tofauti ni kwamba wao hawakutia "bin" katikati. Chukua jina moja lililokamilika, la Spika Abdulkarim Yusufali Alibhai Karimjee wa Tanganyika, ambaye magazeti ya siku zile yalimwita A.Y.A. Karimjee. Msomaji wa Kuze akitia "bin" zake mwenyewe anapata nasaba nzima bila kufungua kitabu: Abdulkarim bin Yusufali bin Alibhai bin Karimjee. Na akipenda kuendelea, bin Jivanji bin Budhabhoy. Herufi tatu za mwanzo wa jina la Spika zimebeba vizazi vitatu. Anayezipuuza akashika "Karimjee" peke yake ameacha sehemu yenye habari akachukua kibao cha duka.

Kibao chenyewe ndicho kilichogandisha majina haya. Nyumba ya biashara ya karne ya 19 iliishi kwa kuaminika. Tajiri wa Bombay aliyepeleka marobota ya nguo kwa mkopo, nahodha aliyepakia shehena, wakala wa Hamburg aliyenunua karafuu, wote walijua jina moja lililoandikwa kwenye bili na kwenye mihuri. Mwenye jina akifa, mwanawe angefanya nini? Kanuni ya zamani ilimtaka ajiite kwa jina la baba yake, na mjukuu vivyo hivyo, kila kizazi kikisukuma jina la mbele nyuma. Lakini kubadilisha jina la kampuni ni kuutupa mkopo baharini. Kwa hiyo kibao kikabaki vilevile, na familia nzima ikaanza kujiita kwa jina la kibao. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ikaleta fomu zake, leseni, hati za viwanja na pasi za kusafiria, kila moja ikiwa na nafasi ya jina la mwisho. Karani aliandika alilolikuta.

Mambo haya hayakutokea pwani tu. Denmark, ambako watu walijiita mwana wa fulani kwa karne nyingi, iliamriwa mwaka 1828 kwamba kila familia ishike jina moja lisilobadilika. Ndiyo sababu nchi ile imejaa watu waitwao Jensen na Nielsen wasiojuana kabisa. Uturuki ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1934. Tofauti ni kwamba huko ilikuwa amri ya siku moja, na huku ilikuwa kazi ya polepole ya wenye maduka na makarani, kila nyumba kwa wakati wake. Ndipo ikawa Karimjee mmoja anasimama kwenye kizazi cha pili na Jeevanjee mwingine kwenye cha kwanza, na hakuna aliyekosea.

Huyu Jeevanjee wa Mombasa anastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu maisha yake yanaonyesha jinsi jina linavyopanda bei. Kabla ya kufika huku alikuwa ameshafanya biashara Australia, mjini Adelaide, kuanzia mwaka 1886. Reli ya Uganda ilipotakiwa kujengwa, yeye ndiye aliyepewa kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Punjab, kuwalisha na kuwapatia mahitaji. Jumla ya vibarua wa Kihindi walioletwa kwa mkataba katika miaka ya ujenzi ilizidi 30,000. Wengi walirudi kwao, karibu 2,500 walikufa kazini, na wapatao 6,700 wakachagua kubaki. Jina la Jeevanjee likapanda na reli kutoka Kilindini hadi bara: kwenye mahema, kwenye magunia ya mchele, kwenye majengo ya serikali aliyoyajenga njiani.

Mwaka 1902, hapa hapa Mombasa, akaanzisha gazeti la kila wiki, African Standard, na kumwajiri Mwingereza W.H. Tiller awe mhariri. Aliliuza mwaka 1905. Wanunuzi wakalipa jina la East African Standard na mwaka 1910 wakalihamishia Nairobi, ambako kwa miaka mingi likawa sauti ya masetla, wale wale waliotaka Wahindi wazuiwe kumiliki ardhi ya nyanda za juu. Ndilo The Standard linalouzwa vibandani Digo Road hadi leo. Katika historia ya uandishi wa habari Kenya hakuna kinaya kilichoiva kama hiki, na ni ajabu kwamba wanahabari wenyewe hawakitaji mara nyingi.

Mwaka 1906 akaipa Nairobi bustani, ile inayoitwa Jeevanjee Gardens, akaweka na sanamu ya Malkia Victoria ndani yake. Mwaka 1909 akateuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo. Mwaka uliofuata alikuwa London akiyaambia magazeti ya Kiingereza kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki wanadhulumiwa. Alikufa mwaka 1936, utajiri wake ukiwa umepungua sana kuliko sifa yake.

Sasa tazama hesabu ya jina. Yeye ni Alibhai, mwana wa Mulla Jeevanjee, na "Mulla" ni cheo cha kidini miongoni mwa Mabohora. Kwa kanuni ya kale watoto wake wangekuwa "fulani Alibhai". Lakini baada ya reli, gazeti, bustani na kiti cha Baraza, nani angeacha jina lililochorwa kwenye ramani ya jiji? Wakabaki Jeevanjee. Kule Unguja mambo yakaenda kinyume. Wajukuu na vitukuu wa Karimjee waliendelea kwa muda kujiita Karimjee Jivanjee, kisha jina la nyuma likadondoka, wakabaki Karimjee tu. Hivyo mtu akitaka leo kuwatafuta wajukuu wa Jivanji wa Mandvi kwa jina la Jivanji atawakosa, na wale atakaowapata kwa jina hilo atawabandika babu asiye wao.

Karimjee hao wameacha alama zao wazi. Hospitali waliyoigharimia Zanzibar iliitwa Karimjee Jivanjee, baada ya Mapinduzi ikaitwa V.I. Lenin, na sasa ni Mnazi Mmoja. Jina la tajiri likapisha la mkomunisti, nalo likapisha la mnazi. Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, ambao familia iliutoa zawadi kwa mji, ukawa nyumba ya Bunge kwa miaka mingi, na humo Abdulkarim alikalia kiti cha Spika mpaka mwaka 1962, akafuatiwa na Chifu Adam Sapi Mkwawa. Ukumbi huo haukubadilishwa jina. Wakati mashamba ya mkonge na nyumba za kupangisha za matajiri yanataifishwa, neno "Karimjee" lilibaki juu ya mlango wa taifa lililokuwa likijenga ujamaa.

Makhoja nao wana kisa chao, na kimeanzia Bagamoyo. Sewa Haji Paroo aliwakopesha mali na kuwapatia wapagazi misafara iliyokwenda bara. Alipokufa mwaka 1897 alikuwa ameshatoa fedha za hospitali na shule. Lakini waulize wauguzi wa Muhimbili, Dar es Salaam, Paroo ni nani. Hawatajua. Waulize Sewahaji iko wapi, watakuonyesha jengo kwa kidole. Jina lake la kwanza na la pili yameshikana yakawa neno moja la Kiswahili, na jina la ukoo likapotea. Kijana aliyeanza kazi kwake, Allidina Visram, mzaliwa wa Kera huko Kutch mwaka 1851, aliifuata njia ya misafara na kisha ya reli, akapanga maduka kutoka pwani mpaka Uganda. Alikufa mwaka 1916. Mwanawe, Abdulrasul, ndiye aliyejenga shule ya sekondari ya Mombasa yenye jina la baba, katika miaka ya mwanzo ya 1920, kisha naye akafa mwaka 1923 na biashara ikasambaratika. Waliosoma pale husema wamesoma "Alidina". Sanamu ya mzee iko Treasury Square, hatua chache kutoka Mji wa Kale.

Visram alikuwa baba yake Allidina, basi. Khoja yeyote ambaye babu yake aliitwa Visram anaweza kulibeba jina hilo kihalali. Alnashir Visram, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Kenya, analo. Msomaji asikimbilie kuchora mti.

Ukiwaacha hawa wa majina ya baba, zipo njia nyingine ambazo majina ya Kihindi yalifika pwani, na kila njia inashuhudia jambo tofauti. Mabohora wengi wana majina ya kazi: Lokhandwala muuza chuma, Ghadiali fundi saa. Mafundi saa wawili wa miji miwili walizaa kina Ghadiali wa pande mbili, na walichoshirikiana ni kioo cha kutazamia vyuma vidogo. Maparsi walichukua hata majina ya miji: yule mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1946 akaitwa Farrokh Bulsara, kabla ya dunia kumjua kama Freddie Mercury, alibeba jina la mji wa Bulsar huko Gujarat.

Kisha kuna Shah. Kenya imejaa kina Shah, na wengi wao ni Oshwal, Majaini waliotoka vijiji vya kandokando ya Jamnagar kuanzia mwisho wa karne ya 19. Walikuwa na majina yao ya ukoo wa ndani, mengi tu, lakini walipoandikishwa ugenini familia nyingi zilichukua "Shah" likaziba yote. Waliobaki na jina la ndani wanatambulika upesi. Mfano ulio karibu na kila jiko la Mombasa ni kina Chandaria, familia ya Manu Chandaria, ambao jina lao limefungamana na Kaluworks, kiwanda cha sufuria kilichoanzia mjini humu mwaka 1929. Kwa mwenye shajara za jumuiya, Chandaria ni jina linalosema kitu. Shah linasema tu kwamba mtu ni mfanyabiashara wa asili ya Gujarat, na hilo angelijua hata kabla hajauliza.

Patel ndilo jina linalosumbua zaidi, kwa sababu wanasiasa wamelitumia kama jina la kabila. Asili yake ni cheo cha mkubwa wa kijiji, na lilienea zaidi kwa wakulima wa Charotar, katikati ya Gujarat. Cheo kinaweza kushikwa na mtu yeyote katika kijiji chochote, hata Waislamu wa Bharuch wana kina Patel wao. Lakini mkoloni na masetla walizoea kusema "akina Patel" kama wanavyosema "akina Mazrui", na baada ya uhuru wanasiasa Waafrika wakairithi tabia hiyo pamoja na ofisi.

Watazame wawili waliokaa Kenya wakati mmoja. A.B. Patel, yaani Ambalal Bhailalbhai, alikuwa wakili wa Mombasa, mtu wa suti na kamati. Alikaa katika Baraza la Kutunga Sheria karibu miaka 20, na mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, akaingia katika baraza la mawaziri la kikoloni bila wizara maalumu. Miaka miwili baadaye aliacha vyote akaenda kuishi kwenye ashramu ya Sri Aurobindo, Pondicherry. Ambu Patel alikuwa fundi wa kujalidi vitabu Nairobi, mfuasi wa Gandhi, ambaye hakuwahi kukalia kiti chochote cha serikali. Huyu alitumia nguvu zake kuchapisha picha, kalenda na vijitabu vya kudai Jomo Kenyatta afunguliwe, na mwaka 1963 akatoa kitabu kizima juu ya mapambano hayo. Mmoja waziri wa gavana, mwingine mpigania kufunguliwa kwa mfungwa wa gavana. Anayewaweka katika orodha moja kwa sababu ya herufi tano za jina ametoa maelezo yasiyoeleza chochote, na bado orodha hizo zinachapishwa kila mwaka.

Leo jina limekwenda mbali zaidi. Priti Patel, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza kuanzia 2019 hadi 2022, ni binti wa Wahindi wa Uganda. Kash Patel, aliyeshika uongozi wa FBI ya Marekani mwaka 2025, wazazi wake pia ni Wagujarati wa Afrika Mashariki. Kinachowaunganisha hawa ni njia, ya kutoka Gujarat mpaka bandari za Afrika Mashariki, na kutoka huku kwenda kwa wenye visa. Njia hiyo hiyo ilipitiwa na kina Mehta, Madhvani na Popat, ambao hawakuwa kina Patel hata kidogo.

Kwa Masingasinga mambo ni mepesi na magumu kwa pamoja. Tangu mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipoanzisha Khalsa, wanaume wa dini hiyo hubeba "Singh". Ni alama ya imani, haina habari ya baba. Makhan Singh, aliyeunda chama cha wafanyakazi mwaka 1935 na kusimama na wagomaji wa Mombasa mwaka 1939, ndiye aliyetamka hadharani, Aprili 1950 katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, kwamba nchi hizi zinataka uhuru sasa. Alikamatwa mwezi uliofuata, akazuiliwa mpaka Oktoba 1961. Joginder Singh alishinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Avtar Singh aliichezea Kenya mpira wa magongo katika Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972, enzi ambayo Kenya ilishika nafasi ya sita Tokyo na ya nne katika Kombe la Dunia la 1971. Atakayesoma majina ya kikosi cha Kenya miaka hiyo atadhani ni ndugu waliotoka nyumba moja na kumwachia mama yao upweke.

Lakini magazeti yalikuwa yamekata mkia. Joginder ni Joginder Singh Bhachu, na Avtar ni Avtar Singh Sohal. Bhachu na Sohal ndiyo majina ya ukoo, ndiyo yanayojua nani aoe wapi, na ndiyo yaliyoachwa nje kwa kukosa nafasi kwenye safu ya michezo. Ajabu ni kwamba safari ile ya 1965 Joginder aliendesha Volvo pamoja na Jaswant, ndugu yake halisi, nalo jina la Singh halikuwa na uwezo wa kumdokezea msomaji hivyo. Kiswahili chenyewe kilifanya kazi kama ya karani: inasimuliwa kwamba Kala Singh, mfanyabiashara wa miaka ya reli, alijulikana sana kwa Waafrika hata jina lake likawa la watu wake wote, Kalasinga. Mtu mmoja akageuka kuwa jamaa nzima.

Na Magoa? Majina yao yaliandikwa na mapadri wa Kireno kisimani pa ubatizo, baada ya Goa kutekwa mwaka 1510, na Wareno hao hao ndio waliokuja kujenga Fort Jesus mwaka 1593. De Souza wa Mombasa hana habari na de Souza wa Nairobi kama ambavyo hana habari na wa Lisbon. Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, aliyeleta dhahabu mbili za mbio fupi kutoka Perth mwaka 1962, angeweza kuitwa jina jingine lolote la Kireno, kwa kuwa padri ndiye aliyechagua. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, baba yake alikuwa Mgoa aitwaye Zuzarte na mama yake Mmaasai. Ni jina la upande wa mama alilolipeleka Ikulu.

Hapo ndipo orodha za majina ya ukoo zinapovunjika vibaya zaidi, kwa upande wa wanawake. Jina lililogandishwa na kibao cha duka liliwafuata wana wa kiume, na binti alilibeba mpaka siku ya ndoa tu. Mwaka 1991 ulipotoka mpango wa kuijenga Jeevanjee Gardens na kuweka maegesho ya magari, aliyesimama mbele kuipinga alikuwa mjukuu wa mwenye bustani. Mpango ukafa. Miaka sita baadaye mjukuu huyo akachapisha kitabu kinachotegemewa mpaka leo juu ya maisha ya Alibhai Mulla Jeevanjee, na mwaka 2006 akaongeza kingine, juu ya Makhan Singh. Anaitwa Zarina Patel. Katika orodha za kina Jivanji mashuhuri hayumo, na katika zile za kina Patel amewekwa pamoja na watu wa Charotar.